Shimo la Shefu wa Mtaa

Kila asubuhi Shefu alikuwa anakagua kuta za watu. Alitoka nyumbani kwake na viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi, shati limechomekwa, fimbo mkononi ingawa wakati huo hakuihitaji. Alipita upande mmoja wa barabara mpaka kwenye bomba la maji, akarudi kwa upande wa pili. Akiona ufa mpya kwenye ukuta, alisimama, akaingiza ukucha ndani yake, akalitazama vumbi lililobaki kidoleni, kisha akabisha mlango. Salamu hakuwa nayo.

"Munachimba?"

"Apana, Shefu. Iko panya njo inatoboa."

"Panya gani inatumikishaka nyundo?"

Akaingia bila kukaribishwa, akaenda moja kwa moja mpaka chumba cha kulala, akainua godoro. Mara nyingi chini ya godoro kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo mtoto wa mtu mwenye taa kichwani.

Mtu asiyeijua Kolwezi atashangaa. Hapa kwetu mawe ya kobalti hayako kwenye machimbo ya Mutoshi peke yake, wala kwenye migodi yenye ukuta na walinzi. Yako pia chini ya jikoni. Vijana wanatoka pande zote za Congo, wanapanga chumba kama wapangaji wengine, wanaanza kwa heshima na shikamoo nyingi, halafu siku moja unasikia kitanda chako kinatikisika, unajua wameshafika chini yako. Nyumba ya nyuma yetu ilizama na watu wake wakiwa mezani. Shefu ndiye aliyewatoa, na tangu siku hiyo hakumwamini tena mtu yeyote aliyenunua beleshi.

Tulimwita Shefu kwa sababu alikuwa shefu wa avenue, yule mtu ambaye serikali inamkabidhi mtaa mzima na kumlipa kwa heshima. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko barazani, na baraza yangu inatazama lango lake. Nimemtazama mzee huyo kwa miaka mingi kuliko nilivyomtazama marehemu mume wangu, Mungu anisamehe, na kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuhadithiwa. Machache niliyohadithiwa nitasema nani aliniambia.

Hakuwa mtu mwema, kama wema ni kuongea na watu vizuri. Alikuwa mkali, mwenye dharau kidogo, na alitoa amri hata pale ambapo neno moja la kueleza lingetosha. "Ondoa hii." "Funga ile." Ukimuuliza kwa nini, alikutazama kana kwamba umemtukania mama yake. Vijana wa mashimo aliwaimbia methali moja aliyofundishwa na mwalimu wake wa shule, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na aliwaimbia mpaka wakaifanya wimbo wa kumcheka wakitoka kazini. Methali hiyo sitaki kuisikia tena.

Lakini yeye pia alikuwa na shimo.

Lilikuwa kwenye kona ya chumba chake, chini ya kipande cha mkeka, si pana kuliko sufuria ndogo, na kina chake kinameza mkono mpaka begani. Ndani yake aliteremsha chungu, kuzunguka chungu akajaza mchanga aliounyunyizia maji, na ndani ya chungu, zimefungwa kwa plastiki, zilikaa chupa zake za insulini. Nyaya za umeme wa bwawa la Nzilo zinapita juu ya paa zetu zikielekea migodini. Sisi tulio chini yake, balbu inawaka siku inayopenda. Dawa ile haivumilii joto, na Shefu hakuwa na friji, wala kama angekuwa nayo isingemsaidia. Udongo haukatiki kama umeme, basi aliukabidhi udongo.

Maana alikuwa na kisukari. Si kile kinachowajia watu wanene wakishaanza kuzeeka, bali kile kingine, kinachomkamata mtu akiwa kijana na mwembamba, mwili ukaacha kabisa kutengeneza insulini. Mwenye ugonjwa huo, bila sindano, hakawii kufa. Alipokuwa karani kwenye kampuni kubwa, upande wa Kingamyambo, hospitali ya kampuni ilimpa dawa. Kazi ilipoisha, dawa ikawa kati yake na Mungu wake.

Habari za shimo zilivuja, kama kila habari ya mtaani kwetu. Watu wakasema, kumbe ndiyo maana anatukataza, amekalia mawe mazuri kuliko wote. Jumapili moja baada ya misa wachimbaji wakaja langoni kwake na kelele. "Shefu, na weye uko na shimo! Tuonyeshe!" Hakubishana. Alimchukua yule mwenye mdomo mrefu kuliko wote, akampeleka chumbani, akamlaza kifudifudi, akamwambia aingize mkono. Kijana akatoka na chupa ndogo iliyojaa maji meupe, anaitazama mbele na nyuma.

"Hii njo filon yangu," Shefu akamwambia, akitumia neno lao la mshipa wa madini. "Ikiisha, na mi naisha. Rudisha polepole."

Kijana akairudisha kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo waliomcheka walimcheka mbali kidogo na lango lake.

Mfuko wa shati lake haukukosa pipi. Watoto wote walijua, walizisikia zikigongana akitembea, na hakuna mtoto aliyewahi kupewa hata moja. "Hii iko dawa," alisema, nao hawakumwamini, kwa sababu dawa gani inafungwa kwa karatasi nyekundu? Mimi mwenyewe nilimhesabia ubahili. Mzee anayemkemea kila mtu kuhusu sukari, anayekuondolea kijiko mkononi ukikoroga chai, halafu mfuko wake umejaa pipi! Nilimwambia hivyo usoni. Akanijibu kwamba nishone nguo.

Tulikuja kuelewa siku ya kesi ya mama wawili waliogombea ukuta. Shefu alikuwa anasikiliza mashahidi, mara akaanza kutoka jasho, akamwita shahidi kwa jina la dada yake aliyekufa, na kwa sauti yake ileile ya kuhukumu akaamuru mbuzi wa jirani afungwe gerezani. Watu wakaangua kicheko. Wengine wakasema amelewa, wengine amerogwa. Mke wake alikuwa sokoni, na mtu mwenye akili akamkimbilia. Alikuja mbio, akapasua karatasi ya pipi kwa meno, akaiingiza shavuni mwa mumewe na kukishika kidevu chake. Baada ya muda Shefu akafumbua macho, akauliza shahidi alikuwa amefika wapi. Kesi ikaendelea. Kumbe sindano ikiishusha sukari kupita kiasi, pipi ndiyo inayoiinua. Watoto hawakumwomba tena pipi, na mimi niliona haya ingawa sikumwambia.

Alikuwa anakuja kupima sukari barazani kwangu, kwa sababu macho yake yalishaanza kuchoka na namba za kipimo ni ndogo. Alijichoma kidole, akaweka tone la damu, akanisogezea. "Soma, mama fundi." Nikisoma namba nzuri hakufurahi, nikisoma mbaya hakulalamika. Alisema tu, "Sukari haina rafiki." Neno lingine alilolipenda ni kwamba sukari haingojei chakula: hata siku usiyokula, hata ukilala na homa hukutia kitu mdomoni, mwili wenyewe unaimwaga kwenye damu, basi sindano lazima. Watu wengi wenye ugonjwa wake, alisema, wameuawa na kauli ya "leo hajala, tusimchome". Hilo ni kati ya mambo machache ambayo nilimsikia akiyaeleza mpaka mwisho.

Sasa Mama Samaki. Yeye ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mkubwa wa mwili na wa kicheko, anauza samaki wa barafu, na nyumba yake peke yake mtaani ina jenereta na friza. Yeye na Shefu waligombana kila siku ya Mungu. Shefu alimkemea kwa moshi wa jenereta, kwa maji ya samaki yaliyomwagika barabarani, kwa sukari aliyotia kwenye chai. Naye alimjibu kwa utani.

"Shefu, weye ukikufa tutakutia mu frigo yangu. Utalala bure, siku yote unayopenda."

"Mi sipendi baridi ya samaki, mama. Mutanitia mu shimo yangu."

Walicheka, na asiyewajua angedhani ni mtu na dada yake. Kila Ijumaa alimletea samaki mmoja wa kukaanga, na kila Ijumaa Shefu alisema ana mafuta mengi, akamla mpaka kichwa.

Ajabu ni hii: mtu aliyeona ufa mwembamba kama uzi kwenye ukuta wa jirani hakuona jiwe ndani ya kiatu chake. Kisukari kilikuwa kimeshamla hisia za miguu. Daktari alimwambia kila jioni avue soksi, atazame nyayo, na kama macho hayafiki mkewe amtazamie. Shefu aliona ni aibu. Mzee mzima, shefu wa avenue, anamgeuzia mke wake nyayo kama mtoto anayetolewa funza? Hakufanya. Akatembea siku nzima, labda na siku zaidi, kijiwe kimo ndani ya kiatu, anakagua kuta zetu, na mkewe akaona damu kwenye soksi wakati wa kufua. Kufika hospitali, vidole viwili vya mguu wa kushoto vilishakuwa vyeusi. Wakavikata.

Nilikwenda kumtazama. Daktari alikuwa kijana, mpole, alizungumza naye mbele yetu, akimwita tata, yaani baba, bila kumung'unya maneno. "Tata, kidonda hiki kitafunga kama sukari itakaa chini. Baada ya operesheni sukari inapenda kupanda, hata bila kula, kwa sababu mwili umeshtuka. Mutapima mara nyingi, mutachoma bila kukosa. Ikipanda na ikabaki juu, kidonda kitaoza, nami nitakata tena. Na pale sitakata kidole." Shefu akaitikia kwa kichwa. Mimi nikajua, na mkewe akajua, na Mama Samaki aliyekaa miguuni pa kitanda akajua, kwamba mguu wa mzee uko kwenye zile chupa.

Walipomrudisha nyumbani alikuwa na homa na udhaifu. Muuguzi alikuwa amesema mambo mawili: dawa ikae mahali pa baridi, na kidonda kisikaribiane na uchafu. Basi hapo kwenye kona ya chumba, chini ya mkeka, kuna nini? Udongo. Mke wake alilitazama lile shimo kama mtu aliyemkuta nyoka ndani. Miaka yote hakuliogopa, lakini sasa kulikuwa na kidonda wazi ndani ya nyumba, na hofu haijui hesabu.

"Toa bintu mu ile shimo ya udongo," Mama Samaki akamwambia. "Banasema baridi. Baridi iko kwangu. Samaki ikilala mu glace haiozake, hata mwezi. Na dawa vilevile."

Shefu akasema kutoka kitandani, "Mi niko na shimo yangu."

"Nyamaza, Shefu. Leo weye njo mugonjwa, siye njo bashefu."

Angeweza kusema sababu. Alizijua sababu, maana baadaye mkewe aliniambia kwamba alikuwa anajua tangu ujana kuwa dawa ile inataka ubaridi wa udongo, si barafu. Lakini alikuwa amezoea kuamuru, na siku hiyo amri yake haikuwa na nguvu. Akageukia ukuta. Wanawake wakatoa chupa zote kwenye chungu, wakazifunga kwa kitambaa safi, wakazilaza kwenye friza juu ya samaki.

Mama Samaki alifanya kazi ile kwa moyo wake wote, na hilo nataka lijulikane. Jenereta aliyokuwa akiizima kubana mafuta sasa aliiwasha muda mrefu zaidi, kwa ajili ya dawa ya Shefu. Mke wa Shefu akienda kuchukua chupa aliikuta imekuwa jiwe. Hakushtuka, wala Mama Samaki hakushtuka, kwa sababu samaki naye anakuwa jiwe, unamwacha anayeyuka, unampika, na ladha yake ni ileile. Mama wa watu aliiweka chupa kwapani mpaka ikayeyuka. Kisha alivuta kwenye bomba la sindano, akamchoma mumewe ambaye kwa homa hakuwa anafumbua macho. Walifanya hivyo kila sindano.

Sukari ikapanda. Nilisoma namba mimi mwenyewe, nikadhani kipimo kimeharibika. Wakaongeza dawa, ikapanda zaidi. Alikunywa maji ndoo kwa ndoo, akakojoa bila kukoma, akaanza kutapika na kuvuta pumzi ndefu kama mtu aliyepanda mlima. Na pumzi yake ilinuka. Ilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi, na mtu yeyote wa kwetu akinusa harufu ile anajua jina lake: munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, uliolala ukachacha.

"Anakunywaka!" wakasema wamama wa sala waliokuja kumwombea. "Anakunywaka kwa siri."

Mtu aliyetunyang'anya vijiko vya sukari maisha yetu yote! Hapo ndipo wengi walipopata la kusema. Mama Samaki alikasirika kuliko wote, kwa sababu alimpenda kuliko wote. Akaingiza mkono chini ya mto, akazikuta zile pipi zake za karatasi nyekundu.

"Aba! Njo hii! Siye tunakesha na dawa yako, weye unakula bonbon!"

Akazitupa nje, uani, kuku wakakimbilia. Shefu alijaribu kusema. Midomo ilikuwa imekauka, na aliyeinama karibu zaidi aliambulia neno moja tu, sikula. Hakuna aliyemwamini. Mimi je? Mimi niliendelea kusoma namba.

Siku iliyofuata tulimpandisha kwenye pikipiki, mkewe nyuma yake akimshikilia, mpaka hospitali. Yaliyotokea kule aliniambia mkewe. Daktari alimchoma insulini ya hospitali, sukari ikaanza kushuka siku ileile. Basi akauliza, nyumbani munatumia dawa gani? Mama akamwonyesha chupa. Daktari akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akaona vipande vidogo vikielea.

"Hii ililala wapi?"

"Mu frigo ya samaki, dokta. Mu glace."

Daktari akakaa chini. Akamweleza polepole kwamba insulini ikiganda inakufa, na hata ikiyeyuka na kuonekana nzima ni maji tu. Walikuwa wanamchoma maji, na ile harufu ya munkoyo ilikuwa ya mwili uliokosa insulini. Na kidonda katika siku hizo kilikuwa kimeshapanda hadi kwenye kifundo. Wakamkata mguu chini ya goti.

Shefu aliyasikia yote akiwa kitandani, kabla hawajampeleka kukatwa. Mkewe aliangua kilio, akasema atakwenda kumwambia Mama Samaki amefanya nini, na yeye mwenyewe amefanya nini, na watu wote wa pipi na munkoyo. Shefu akamshika kitenge.

"Mama Samaki asijue," akasema. "Sema dawa iliharibika na jua, mu njia, mbele ya kufika kwetu."

Ndivyo mtaa ulivyoambiwa. Mama Samaki aliwalaani waleta dawa wasiojulikana kwa sauti ambayo ilivuka barabara mbili. Alisema watu wa namna hiyo hawana mama. Alisema kama angewajua angewatia kwenye friza wakiwa hai. Mke wa Shefu alisimama pale, kitambaa mdomoni, akitikisa kichwa kukubali.

Mimi niliambiwa ukweli kwa sababu ya suruali. Mkewe alileta suruali zake zote kwangu, nizikate mguu wa kushoto na kuufunga. Nilipoweka mkasi kwenye ile ya kijivu, niliyomshonea mwenyewe kwa ajili ya Pasaka, mama akaanza kulia, na kwenye kulia akasema yote. Nilikasirika. Nilikwenda kwa Shefu na mkasi bado mkononi. Nikamwambia si haki. Yeye amelala hapo na jina la mlevi na la mla pipi, na yule anakaanga samaki anacheka! Nikamwambia nitamwita sasa hivi.

"Mama fundi," akasema, "ukimuambia, mi nitapata muguu?"

Nikaushusha mkasi.

"Basi. Akate tu samaki yake. Watu banamuhitaji."

Lawama ya pipi na munkoyo haijamtoka mpaka leo. Wapo wanaosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu wakilitazama lango lake, na kucheka kwa chini. Mashimo yamerudi. Hakuna anayeinua magodoro. Usiku nalala nikisikiliza sakafu.

Kitu kimoja kilimsumbua, nacho alikitatua kwa namna ambayo sikuitegemea kwake. Upande wa pili wa mtaa kuna msichana mdogo ambaye aliangukiwa na ugonjwa uleule. Mama yake alipita kwa Shefu kuomba ushauri, akataja kwamba Mama Samaki, kwa wema wake, ameshamkaribisha kwenye friza. Shefu akamkalisha mama yule na kumweleza. Hakuamuru. Alimweleza chungu, mchanga, maji ya kunyunyiza, kivuli, akamweleza barafu inafanya nini kwenye dawa, na akarudia tena mpaka mama akasema nimeelewa. Mimi nilikuwa natia vifungo barazani na nilisikia sauti yake ikienda muda mrefu, nikadhani ana wageni wengi.

Mara ya mwisho kukaa naye vizuri ilikuwa Ijumaa, mvua zikiwa karibu. Nilimpelekea suruali ya kijivu. Alikuwa kwenye kiti chumbani, magongo yameegemea ukuta, kiatu kimoja cha ngozi kimepigwa rangi kama zamani. Alikuwa amekonda. Alipima sukari, nikamsomea, haikuwa nzuri.

"Nitoleye dawa," akasema. "Mi siwezi tena kuinama."

Nikaondoa mkeka, nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono. Kwa miaka yote ile nilikuwa sijawahi. Udongo ulikuwa baridi, baridi ya kawaida tu, ya mtungi wa maji. Nilikuwa natafuta chungu kwa vidole pale Mama Samaki alipoingia na sahani.

Aliiweka mezani. Hakutania. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa muda sasa sijasikia kicheko chake upande ule.

"Shefu," akasema, "mama ya ule mutoto aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Asema muliambia ye dawa ikilala mu glace inakufa."

Nilibaki na mkono ndani ya shimo. Shefu alitazama sahani.

"Ile iko dawa ya batoto," akasema. "Yangu haikuwa vile. Yangu muliitunza muzuri."

"Munasema bongo."

"Mi njo shefu wa avenue hii. Nikisema uongo haiko, haiko."

Mama Samaki alijishusha sakafuni na mwili wake ule mkubwa, akashika mguu wa kulia wa Shefu, mguu uliobaki, akafungua kamba za kiatu. Shefu akajaribu kuuvuta, akashindwa. Akamvua kiatu, akamvua soksi, akaugeuza unyayo kwenye mwanga wa mlango. Mzee ambaye alimkatalia mkewe na daktari alikaa vile, mikono magotini, ameutazama ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Soksi ilikuwa na unyevu upande wa kisigino. Mama Samaki aliinusa, akaiweka chini. Akabonyeza kwa kidole gumba.

"Hapa inauma?"

"Apana."

"Na hapa?"

"Apana."

Akaondoa kidole. Kwenye kisigino kulikuwa na kidonda, mviringo, cheupe pembeni, chenye ukubwa wa kifungo cha shati, na katikati yake kulikuwa kweusi. Nilikiona kutoka pale nilipolala.

"Shefu, kuko kidonda," akasema.

"Haiumake."

"Miye njo inaniuma," Mama Samaki akasema, na hakuuachia ule mguu.